Mbona mara timu, mara mchezaji mmoja?

SWALI: Mzee, shikamoo. Mbona mashindano ya dunia ya mpira wa meza mara ni ya nchi, mara ni ya mchezaji mmoja mmoja? Na timu hushindaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Tangu London 1926 yalichezwa kwa pamoja. Siku hizi, kwa kawaida, mwaka wa witiri ni wa wachezaji binafsi na wa wawili wawili, wa shufwa ni wa timu: wanaume hugombea Kombe la Swaythling, wanawake la Corbillon.

Timu ina mechi tano, zote za mtu kwa mtu; inayotangulia kushinda tatu imemaliza kazi. Wachezaji wawili huweza kuitwa mara mbili, wa tatu mara moja tu. Huyo wa tatu ndiye ninayempenda mimi. Pengine anaingia wenzake wamelala 2-0, na hana nafasi nyingine. Mwangalie anavyopangusa jasho la kiganja pale mezani, karibu na wavu, kabla ya kuanzisha. Seti ni pointi 11, si 21 kama tulivyozoea kabla ya 2001. Akizubaa kidogo tu, imekwenda.