Mnaoanza kunereka maji kwa jua, anzeni na kioo

Wadogo zangu mnaotaka kuanza hii kazi ya kunereka, yaani kugeuza maji chumvi kuwa mvuke kwa jua ndani ya boksi lenye kifuniko angavu, na kuukinga mvuke ukigeuka maji safi, hasa nyie wa huku Uvinza kwenye chemchemi za maji chumvi, jua la Kigoma kiangazi halina shida kabisa, shida ni mvuke kukutoroka au kurudi ulikotoka.

Boksi langu la kwanza nililifunika na nailoni maana kioo niliona bei, basi saa saba mchana ndani kote matone, nikafurahi sana, jioni kwenye chupa nakuta vikombe viwili tu! Kesho yake nikakaa pembeni nikaangalia, kumbe kwenye nailoni tone linajikunja kama shanga, linanenepa, halafu linadondoka palepale kwenye maji chumvi, kwenye mfereji wa kupeleka maji safi kwenye chupa halifiki. Kioo ukikiosha na sabuni mpaka mafuta ya vidole yaishe, maji yanatandaa na kuteremka taratibu mpaka chini. Kwahiyo nunua kioo cha dirisha cha kawaida, kilaze mteremko wa nyuzi 10 mpaka 15, pembeni kote piga silikoni na uiache ikauke mpaka harufu iishe. Ukiona mbao zinalowa kwa nje ujue mvuke unapita hapo, ziba siku hiyohiyo.

Ndani paka nyeusi, chini ya trei shindilia pumba za mpunga joto lisishuke ardhini. Maji sentimita 2 au 3 tu, ukijaza yanachelewa kupata moto. Chumvi ikianza kuganda safisha, ikitanda nyeupe inarudisha mwanga.

Halafu msiwaahidi watu pipa. Kugeuza lita moja kuwa mvuke kunakula joto kama mara 7 ya lile la kuitoa kwenye ubaridi mpaka ichemke, ndo maana mita moja ya mraba inakupa lita 3 au 4 siku ya jua kali. Kule Las Salinas, Chile, mwaka 1872 walitandaza vioo zaidi ya mita za mraba 4,000 kupata lita elfu 20 na kitu kwa siku, za kunywesha nyumbu wa migodini. Kwahiyo piga hesabu ya familia yako kwanza, au maji ya betri, hayo mafundi wanayahitaji.

Na maji yanayonuka petroli au dawa za tumbaku msiyaguse jamani, vitu vingine vya hivyo vinapanda na mvuke na kuingia kwenye chupa pamoja na maji.