Milioni 8 za akiba: kiwanja au hatifungani?

SWALI: Tuna akiba ya shilingi milioni 8 benki, imelala tu. Mtoto wa kwanza yuko darasa la tano, mdogo wake la pili. Baba watoto anataka kiwanja Njia Panda ya Himo. Mimi nimesikia habari za hatifungani za Serikali za miaka 20. Ni kweli riba inaingia miaka yote hiyo? Na tukikwama katikati?
Mama wa wawili, Moshi

JIBU: Hatifungani ni mkopo unaoipa Serikali, nayo inakulipa riba. Riba hiyo inaingia kweli, mama, mara mbili kwa mwaka. Kiwango cha chini cha kununua ni shilingi milioni 1, kisha unaongeza kwa laki moja moja. Tuchukue mfano wa milioni 5 kwa riba ya 12%: kila miezi sita unapata 300,000, na mwaka wa 20 unarudishiwa milioni 5 yako.

Wengi huangalia riba wakasahau bei. Hatifungani huuzwa kwa mnada wa Benki Kuu, na bei hutajwa kwa kila shilingi 100 za hatifungani. Ikiwa 98, utalipa 4,900,000; ikiwa 104, utalipa 5,200,000, lakini riba ni ileile na mwishoni unarudishiwa milioni 5 tu. Mnunuzi mdogo aombe bila kushindana: hataji bei, analipa wastani wa bei za walioshinda.

Angalieni pia mwezi. Hatifungani iliyotolewa Desemba hulipa Juni na Desemba, yaani fedha inakuta shule hazijafunguliwa. Ya Machi itawalipa Septemba, wakati ada mmeshaikopa kikoba.

Kukwama katikati ndiko kwenye shida. Unaweza kuuza kupitia dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, ila kwa bei ya siku hiyo. Hatifungani mpya zikianza kulipa 15%, nani atainunua yako ya 12% kwa bei kamili? Ikiwa bado ina karibu miaka 20 mbele, bei itashuka hadi kama 81. Milioni 5 imegeuka milioni 4 na kidogo.

Kwa hiyo msiweke zote. Milioni 5 ziende hatifungani; milioni 3 nunueni vipande vya mfuko wa Ukwasi wa UTT AMIS, kampuni ya Serikali inayowekeza fedha za watu wengi kwa pamoja; vipande hivyo mkiviuza fedha inatoka ndani ya siku chache za kazi. Hizo ndizo za ugonjwa na msiba.

Akaunti ya hatifungani hufunguliwa benki au kwa dalali, kwa kitambulisho cha Taifa, picha na namba ya akaunti ya benki. Ulizeni ya majina mawili. Ikiwa ya mmoja na Mungu akamchukua, mwenzake hagusi kitu mpaka mirathi ipite mahakamani.

Baba watoto naye ana hoja. Bei za vitu zikipanda 4% kwa mwaka, milioni 5 mtakayorudishiwa itanunua vitu vya kama milioni 2.3 za leo, na ardhi hustahimili hilo vizuri zaidi. Ila kiwanja hakilipi ada, wala huuzi robo yake mtoto akilazwa. Kikibaki ndicho chaguo lenu, asitoe hata kishika uchumba kabla ya kwenda ofisi ya ardhi kuhakiki jina la mmiliki na kama kimewekwa rehani. Karatasi ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa si hati.