Siku tatu Mombasa na mama, bila gari: panga kwa vivuko

Dada, swali lako nimelisoma mara mbili. Unatoka Tanga na mama yako, magoti yanamsumbua, mna siku tatu na hamna gari. Umetaja Fort Jesus, Mji wa Kale, Haller Park, Diani na soko, ukauliza muanze na wapi. Mimi ni mzaliwa wa hapa na wageni nimepokea wengi, wazee kwa vijana, kwa hiyo nitakujibu kwa niliyoyapitia.

Kabla ya yote, kumbuka kwamba Mombasa ni kisiwa. Kwenda kusini kuna kivuko cha Likoni, kaskazini kuna daraja la Nyali, na upande wa bara kuna Makupa. Usipange siku kwa kuangalia kilomita. Kila mahali ulipopataja jiulize pako ng'ambo ipi, na mtavuka saa ngapi. Vuka mara moja kwa siku, nenda na kurudi, basi.

Hili nililijua kwa kumchosha mtu ninayemheshimu sana. Mamamkwe alikuja kututembelea, nikamchukulia chumba Diani, kusini ya Likoni, ili aamkie ufukweni. Asubuhi ya pili tukaja naye mjini, na saa hizo ndipo watu wa Likoni wanapovuka kwenda kazini. Jioni tukarudi nao tena, kama saa kumi na mbili. Tulisimama kwenye banda la kusubiri, joto, watu wamebanana, na lango lilipofunguliwa wote wakaondoka kwa mbio. Mama wa watu ana miaka sabini. Nilimshika mkono tukajibanza ukutani hadi umati ukapita, tukavuka kwa feri ya tatu. Hakusema neno baya, ila kesho yake aliomba abaki chumbani. Siku yake moja nzima ilipotea kwa sababu nilichagua vibaya pa kulala.

Kwa hiyo laleni kisiwani. Mkilala kisiwani mnakwenda kinyume na umati: asubuhi wao wanaingia mjini nyinyi mnatoka, jioni wao wanarudi Likoni nyinyi mnaingia. Feri ni ile ile, lakini upande wenu una nafasi na mama atapata pa kukaa. Tafuteni chumba karibu na Mapembeni, yale meno makubwa ya ndovu yanayopita juu ya barabara ya Moi, au karibu na Mji wa Kale. Kutoka hapo tuktuk inawafikisha popote kisiwani kwa muda mfupi. Elewaneni bei kabla ya kupanda. Bodaboda kwa mama mwenye magoti mabovu mimi siishauri kabisa.

Basi lenu likipitia Likoni, mtashuka na kuingia kwenye feri kwa miguu, nalo litavuka na magari. Abiria wa miguu halipi kitu. Shikeni mikoba yenu, angalieni rangi na namba ya basi kabla ya kuachana nalo. Tena maji yakiwa yamekupwa sana, hasa siku za bamvua, ule mteremko wa kuingilia feri unakuwa mkali, basi mpe mama bega lako. Na feri ikijaa, iacheni iende. Tuliokuwa watu wazima tarehe 29 Aprili 1994, feri ya Mtongwe ilipozama na kuua watu 272, hatusukumani kwenye kivuko.

Siku ya kwanza iwe ya Mji wa Kale, na muanze mapema. Fort Jesus mwe mlangoni saa mbili asubuhi, kabla jua halijapata nguvu. Chukueni vitambulisho, kwani mtu wa Afrika Mashariki halipi sawa na mgeni wa mbali. Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na ukuta wake unafuata umbo la mtu aliyelala chali. Mama si lazima apande kila buruji. Mpelekeni kwenye jumba la makumbusho aone vitu vilivyotolewa baharini kwenye merikebu ya Kireno, Santo António de Tanná, iliyozama hapo chini mwaka 1697, Waomani walipokuwa wameizingira ngome. Mzingiro ule ulianza 1696 na ngome ikaanguka 1698. Nikisimama pale juu nikitazama mlango wa bahari, huwa nawafikiria watu waliofungiwa humo wakingoja tanga litokee. Baadaye Waingereza waliigeuza gereza, na ilibaki hivyo hadi 1958. Mwaka 2011 iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia.

Mkitoka, shikeni Ndia Kuu polepole. Tazameni milango ya nakshi na roshani za mbao, mfike msikiti wa Mandhry wenye mnara mweupe uliochongoka. Kushuka hadi Bandari ya Kale kuna mteremko, hapo mwangalie mama anavyojisikia. Watu wanaishi humo, si jumba la maonyesho: salamu kwanza, picha baadaye, na vaeni kwa staha. Ijumaa mchana maduka hufungwa kwa sala. Kabla hamjaondoka mle mahamri na mbaazi. Najua Tanga mnajua kupika, lakini kuleni.

Alasiri hiyo hiyo, jua likishalainika, chukueni tuktuk hadi Mama Ngina, ile bustani ya kando ya bahari. Kama ningeruhusiwa kumwonyesha mgeni mahali pamoja tu Mombasa, ningemleta hapa. Kuna mibuyu ya zamani, viti, upepo, mihogo ya kukaanga iliyotiwa ndimu na pilipili, na madafu. Halafu meli. Meli za mizigo zinazokwenda Kilindini hupita kwenye mlango mwembamba mbele yenu, kubwa kama mtaa mzima, karibu kiasi kwamba mnawaona mabaharia waliosimama sitahani. Mamamkwe alikaa pale saa mbili siku yake ya mwisho na hakutaka kuondoka. Hapahitaji kutembea, wala kiingilio cha kukaa.

Siku ya pili nendeni kaskazini. Matatu za Bamburi na Mtwapa zinapita daraja la Nyali, zinapita Kongowea, na zinawashusha mbele ya lango la Haller Park. Mwambieni kondakta mapema. Pale palikuwa machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji, jangwa tupu la matumbawe. Kuanzia 1971 René Haller alipanda mivinje, akaleta majongoo wayale majani makavu hadi udongo ukaanza kujitengeneza. Leo kuna msitu, twiga wa kulishwa kwa mkono, viboko na makobe. Ndipo alipoishi Owen, yule kiboko mchanga aliyeokolewa wakati wa tsunami ya 2004 akamfuata kobe mzee kama mamaye. Njia zake ni tambarare, magoti hayatalalamika. Rudini kabla ya saa kumi, maana jioni ile barabara ya Malindi husimama.

Diani iwe siku ya tatu, ikiwa mama ana nguvu. Vukeni asubuhi, ng'ambo pandeni matatu ya Ukunda, kisha tuktuk hadi ufukweni. Ulizeni wenyeji maji yanajaa saa ngapi. Yakijaa sana mchanga wa kutembelea unabaki haba, yakikupwa mama anatembea juu ya mchanga mgumu bila kuzama. Akiwa amechoka, msiende. Rudini Mama Ngina tena.

Soko liwe asubuhi ya kuondoka: Marikiti kwa viungo, na mtaa wa Biashara kwa leso, ambazo nyinyi mnaita khanga. Mwache mama asome majina, yale maneno ya leso, mwenyewe, asiharakishwe. Lakini msikate tiketi ya basi la mapema siku hiyo, maana nimeshaona mama akichagua leso.