Kabla ya kuandika nadharia tete, sema utapima nini

Nadharia tete, yaani utabiri ambao utafiti unaweza kuupima, yangu ya kwanza ilikuwa hivi: "Kukosa usingizi huathiri kumbukumbu." Nikaona nimemaliza. Msimamizi wangu akaipigia mstari yote, kisha akaandika pembeni: "Utapimaje?"

Nilinuna, lakini swali lilikuwa halali. Kukosa usingizi ni kukesha kabisa au kulala kidogo? Kumbukumbu ya nini: sura, namba, maneno? Na "huathiri" maana yake huongeza au hupunguza? Toleo la tatu likawa: "Waliolala kwa muda wa saa 4 watakumbuka maneno machache, katika orodha ya maneno 20, kuliko waliolala saa 8." Halina mbwembwe, ila matokeo yanaweza kulikataa, na nadharia tete isiyoweza kukataliwa ni maoni tu.

Ukichanganyikiwa na vigeu, yaani vitu vinavyobadilika katika utafiti, jiulize: kipi nakibadilisha mimi, kipi nakisubiri kibadilike? Mwaka 1974, wanasaikolojia Loftus na Palmer waliwaonyesha wanafunzi 45 filamu za ajali, kisha wakawauliza magari yalikuwa na kasi gani yalipo"gongana". Kitenzi ndicho walichobadilisha. Walioulizwa kwa neno kali, la kugongana hadi kupondeka, walitaja wastani wa karibu maili 40 kwa saa. Wa neno jepesi, la kugusana, karibu 32. Kitenzi ni kigeu huru, kasi iliyokadiriwa ni kigeu tegemezi. Filamu hazikutofautiana kati ya makundi, na hapo ndipo uzuri wa kazi ulipo.

Mimi hapo ndipo nilipoteleza. Waliolala vizuri niliwapima asubuhi, wenzao alasiri, kwa sababu ndio muda waliopatikana. Tofauti ikaonekana, tena kubwa! Ni usingizi au ni saa ya kupimwa? Data haikuweza kuniambia, nami nikarudia kazi nzima. Siku hizi huwa naandika kwanza orodha ya vitu vinavyoweza kutofautiana kati ya makundi bila mimi kutaka, kisha naamua kwa kura nani aingie kundi gani.

Kuna kishawishi kingine: kuona matokeo, halafu kuandika nadharia tete inayofanana nayo kana kwamba uliitabiri. Mwanasaikolojia Norbert Kerr aliupa mchezo huu jina, "HARKing", mwaka 1998, lakini ni wa zamani kuliko jina lake. Dawa yangu ni nyepesi. Namtumia msimamizi nadharia tete kwa barua pepe kabla sijampima mtu wa kwanza, na tarehe inabaki pale.