Paka dume anachuchumaa na mkojo hautoki: usingoje kukuche

Jumanne saa tano usiku dada mmoja wa Ujiji kanitumia ujumbe: "Shoga, paka wangu anajikamua tangu mchana. Nimempa kijiko cha mawese, choo hakitoki." Nikampigia hapo hapo. Nilimwuliza swali moja tu: "Mchanga wake umelowa?" Akaenda kushika, akarudi. "Mkavu."

Nilikaa kitandani nikitetemeka, maana Chui, paka wangu, alikufa hivyo hivyo.

Alikuwa dume la kijivu, tunaishi naye Gungu, chakula chake dagaa wakavu wa Kibirizi asubuhi na jioni. Maji alikuwa hayagusi, na mimi sikujali. Ijumaa moja akaanza kuingia na kutoka kwenye beseni lake la mchanga. Anachuchumaa, mkia unatetemeka, hola. Anahamia bafuni kwenye sakafu, anachuchumaa tena, kisha anajilamba chini ya mkia bila kuacha. Nikampigia mtaalamu wa mifugo. Hata hakuja kumwona, akasema amefunga choo, mpe mafuta. Nikampa. Jumamosi jioni akatapika povu, akajificha uvunguni. Nilipompapasa tumbo nikakuta kitu cha mviringo, kigumu kama ndimu. Kilikuwa kibofu. Alfajiri ya Jumapili, kabla ya adhana, alikata roho mapajani mwangu. Simu ile sijaisamehe mpaka leo.

Sasa sikilizeni vizuri, nyie mnaofuga madume. Njia ya mkojo ya dume ni nyembamba kuliko ya jike. Chembechembe kama mchanga zikichanganyika na ute, inaziba. Mkojo ukikosa pa kutokea, figo zinashindwa kazi, potasiamu inajaa kwenye damu na moyo unasimama. Siku moja au mbili zinatosha kumuua. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara, analia, anajilamba, au anadondosha matone yenye damu, usiwaze choo kwanza. Waza mkojo.

Bosi, dume langu la pili, yalimkuta mwaka jana. Safari hii nilijua ndani ya saa moja. Niliona tone moja la pinki kwenye saruji, nikamtia kwenye boksi, nikaita bajaji. Daktari alimchoma sindano ya usingizi, akapitisha mpira mwembamba, na mkojo uliotoka ulikuwa mwekundu kama juisi ya rosela. Akawekewa dripu. Siku ya tatu nikarudi naye nyumbani, na najivunia hilo kuliko mengi niliyofanya.

Msimpe panadoli, hata robo kidonge; inaua paka. Msimkamue tumbo, kibofu kinaweza kupasuka. Na dagaa wakavu peke yake kila siku, acheni. Bosi siku hizi anakula samaki, mgebuka wa kuchemsha pamoja na maji yake, bila chumvi wala kitunguu, na maji ya kunywa nimemwekea bakuli mbili, moja jikoni, moja barazani. Na kila asubuhi, kabla sijanywa chai, nashika mchanga wake kuona kama umelowa. Fanyeni hivyo. Shikeni mchanga.

Yule dada alimpeleka paka usiku ule ule, akamgongea daktari mlango. Leo asubuhi kanitumia picha bila neno lolote: beseni, na katikati ya mchanga duara jeusi lililolowa.