Vijana Walatino hawafiki klabuni: anza na mama, si na tangazo

Ndugu yetu ameuliza kwa nini vijana Walatino, yaani wenye asili ya Amerika ya Kilatini, hawafiki katika programu ya baada ya masomo anayoisimamia hapa jimbo la North Carolina, Marekani, ilhali matangazo yametafsiriwa kwa Kihispania na kubandikwa shuleni. Nimejitolea kwa miaka kadhaa katika klabu ya vijana kwenye jimbo hilihili, na ninaamini kikwazo hakiko kwenye tangazo. Katika familia nyingi nilizozifahamu, ruhusa hutoka kwa mama au bibi, naye hamwachi mtoto mikononi mwa mtu asiyemjua. Kwa hiyo tulipiga hodi nyumba kwa nyumba. Tulikaa, tukanywa kahawa, tukaulizana habari za watu wa nyumbani, na mazungumzo ya klabu yakaja baadaye kabisa, utaratibu ambao sisi tuliokulia pwani tunaufahamu vyema.

Itazame upya pia fomu ya kujiandikisha. Ikiwa inadai namba ya hifadhi ya jamii (Social Security), ambayo mhamiaji asiye na vibali kwa kawaida hana, au kitambulisho cha mzazi, kiondoe kipengele hicho. Mwaka 1982, katika kesi ya Plyler dhidi ya Doe, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya umma kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Hata hivyo, mzazi asiye na vibali huiogopa karatasi yoyote inayomuuliza yeye ni nani, na hofu hiyo ina msingi. Jina la mtoto, simu ya mtu wa kupigiwa na vyakula vinavyomdhuru vinatosha.

Kisha kuna wadogo zao. Binti wa miaka 14 alifika mlangoni kwetu akiwa amemshika mkono mdogo wake wa miaka 6, kwa kuwa wazazi wote wawili walikuwa zamu ya jioni kiwandani, na kanuni yetu ya umri, isiyoruhusu watoto wadogo hivyo, ingewarudisha nyumbani wote. Tulitenga meza ya karatasi na kalamu za rangi kwa ajili ya wadogo, na dada akabaki hadi mwisho.

Walatino si kundi moja. Watu wa Puerto Rico ni raia wa Marekani tangu 1917, ilhali katika mji wa Morganton, jimboni humu, wako Wamaya, wenyeji wa asili wa Guatemala, ambao baadhi yao nyumbani huzungumza Q'anjob'al, mojawapo ya lugha za Kimaya, na Kihispania ni lugha yao ya pili. Vijana waliozaliwa hapa mara nyingi hukimudu Kiingereza kuliko lugha zote hizo, nao huchoka kugeuzwa wakalimani kila mkutano.

Ukimpata mzazi mmoja anayekuamini, mwingize katika kamati inayopanga ratiba na bajeti, badala ya kumwachia mapishi ya sherehe tu. Yeye ndiye atakayekueleza ni uwanja gani wa mpira wenzake hukutana Jumapili baada ya misa.