Wimbo wa huzuni kwenye sini ya msiba

Mdau umeuliza kama uweke Tears in Heaven kwenye filamu yako fupi, sini ya msiba kule Mbagala. Mi ningeuacha aisee. Ule wimbo Eric Clapton, yule mpiga gitaa wa Uingereza, aliutunga na Will Jennings baada ya mtoto wa Clapton wa miaka 4 kudondoka ghorofani New York na kufa mwaka 1991, ukatumika kwenye filamu ya Rush, sasa anayeijua stori atamuwaza yule mtoto, marehemu wako keshasahaulika. Na muziki usiuwahishe, tuache kwanza tusikie viti vya plastiki vinaburuzwa na kina mama wanavyolia ndani. Alafu ruhusa za kuutumia wimbo kama huo kwenye filamu ziko mbili, ya utunzi na ya rekodi, bei yake we acha tu. Tafuta msanii wa mtaani akutungie, muandikishane, muusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania.